Chemsha Kwanza, Halafu Tubishane

Kuna uongo wa aina mbili unaouzwa Nairobi pamoja na maziwa. Wa kwanza ni ghali, na huja ndani ya chupa ya kioo iliyofungwa kamba ya katani shingoni. Unasema maziwa mabichi, yale ambayo moto haujayagusa, ndiyo maziwa ya babu zetu, na kwamba ukiyanywa utapona pumu, chunusi, gesi tumboni na uchovu wa ofisi. Wa pili ni rahisi, na huja ndani ya pakiti. Unasema maziwa ya mwananchi ni uchafu mpaka yapite kiwandani, na kwamba mama anayeyapitisha mtaani alfajiri akiwa na mtungi ni mhalifu aliyechelewa kukamatwa. Mimi nakataa uongo wote, wa chupa na wa pakiti.

Nasema haya nikiwa mtu wa mbuzi. Karo ilipokatika niliacha chuo kikuu mwaka wa pili, nikaenda kukaa kwa shosho Mukurwe-ini. Hapo nilikabidhiwa mbuzi watatu wa maziwa, wale wa asili ya Kijerumani ambao Nyeri nzima inawaita alpaini. Kukata majani ya mabingobingo, kukata kaliandra, kufagia banda, kukamua asubuhi na jioni. Siku hizi naishi Rongai, naandika makala ambazo majina ya watu wengine huwekwa juu yake, lakini bado napanda matatu kurudi kule, na nikifika natengeneza jibini. Naipenda kazi hiyo kuliko nyingi nilizowahi kulipwa. Kwa hivyo msinihesabu na wale wanaoogopa maziwa. Nayapenda mno, na ndiyo sababu siwezi kunyamaza yakigeuzwa kuwa dini.

Tuanze na chupa.

Hadithi ya babu zetu inasikika vizuri, shida yake ni kwamba wanaoisimulia hawajawahi kumuuliza babu yeyote. Ukizunguka nchi hii utakuta kila jamii iliyoishi na maziwa ilijua kwamba maziwa hayaachwi tu hivi hivi. Wamaasai husafisha kibuyu kwa kijinga cha moto cha mti wa oloirien kabla maziwa hayajaingia. Wakalenjin wana mursik, na ndani ya kibuyu chake hupakwa mkaa wa mti wa senetwet. Wapokot huchanganya maziwa ya ng'ombe au ya mbuzi na jivu la mti wa cromwo, yakatoka ya rangi ya kijivu na ladha ambayo ukiizoea hutaisahau. Huku kwetu milimani tuliamua jambo moja rahisi zaidi: maziwa ni ya chai, na chai huchemka. Moshi, mkaa, jivu, uchachu, moto. Kila mmoja alikuwa na njia yake ya kupambana na kitu ambacho hakuwa akikiona kwa macho.

Kwa hivyo anayeniambia kwamba mila yetu ilikuwa kuacha maziwa yalivyo, namuuliza mila ya nani. Shosho, ambaye huniita mzee wake kwa sababu nimepewa jina la marehemu mume wake, ana jibu fupi zaidi yangu. "Mzee wangu, maziwa ambayo hayajaona moto ni ya mtoto wa mbuzi. Wewe umeota meno."

Najua utasema: lakini wafugaji wa kaskazini wanayanywa mabichi mpaka leo. Ni kweli, wengi wanayanywa. Na wengi wanaugua. Hiyo sehemu ya pili haiandikwi kwenye chupa.

Ugonjwa wenyewe unaitwa brusela. Uliwahi kuitwa homa ya Malta, na jina hilo lina kisa ambacho kila mpenzi wa maziwa mabichi angefundishwa kabla ya kuuziwa chupa. Wanajeshi wa Uingereza waliokuwa kisiwani Malta walikuwa wakishikwa na homa inayopanda na kushuka kwa miezi. Mwaka 1887 daktari wa jeshi, David Bruce, alitambua kijidudu kinachoileta. Lakini ilichukua karibu miaka 20 kujua kinapita wapi. Mwaka 1905 daktari wa Kimalta, Themistocles Zammit, akakipata kwa mbuzi. Mbuzi wenyewe walionekana wazima kabisa, wananona, wanakamuliwa mlangoni kwa mteja. Mwaka uliofuata jeshi likaacha maziwa ya mbuzi, na homa ikaporomoka kambini. Mbuzi hao walikuwa wa nyumbani, wa kienyeji, wanaolishwa majani, wanakamuliwa mbele ya macho yako. Yaani kila kitu ambacho tangazo la leo linakuhakikishia kwamba ndicho usalama.

Mbuzi mgonjwa wa brusela hana alama usoni. Anaweza kutupa mimba mara moja halafu akaendelea na maisha. Ukimwangalia, hutajua. Ukionja maziwa yake, hutajua. Ndiyo maana nacheka, tena si kicheko kizuri, nikisikia mtu anasema "mimi namjua mfugaji wangu." Sawa, unamjua mfugaji. Je, damu ya mbuzi wake umeipima?

Mjomba wangu alikuwa taniboi wa lori kwenye barabara ya Isiolo kwenda Moyale. Ukipita njia hiyo unakaribishwa maziwa, na kukataa maziwa ya mwenyeji si adabu. Alirudi nyumbani na homa ya jioni, jasho la usiku linalolowesha shuka, na kiuno kilichouma kama cha mzee wa miaka 80. Kliniki moja ikamwambia ni malaria. Nyingine ikamwambia ni taifodi. Alikunywa dawa za malaria na za taifodi mpaka pesa ya lori ikaisha, na homa ikaendelea na ratiba yake. Ilipita karibu miezi minne kabla mtu kufikiria kumpima brusela. Tiba yake si kidonge cha siku tatu: ni antibiotiki mbili kwa pamoja, kwa wiki sita, bila kuruka. Alimaliza wiki sita, akapona homa. Goti la kushoto halikupona. Leo anauza mitumba Karatina akiwa ameketi, kwa sababu kusimama siku nzima hawezi.

Sikuandika habari zake ili umwonee huruma. Nimeziandika kwa sababu nimechoka kusoma kwamba maziwa mabichi ni "chaguo la kibinafsi." Mjomba ana watoto watatu. Goti lake lilikuwa karo yao.

Sasa tuangalie hayo mazuri yanayosemwa. Wanasema moto unaua virutubisho. Ukweli ni kwamba protini na kalisi zinabaki. Vitamini C na baadhi ya vitamini za kundi B hupungua kidogo, na kama unategemea maziwa kupata vitamini C basi nakuomba ununue chungwa. Wanasema maziwa mabichi yana kimeng'enya kinachokusaidia kusaga sukari ya maziwa. Hayana. Tumbo linalokataa maziwa yaliyochemshwa litakataa na mabichi. Kinachosaidia tumbo hilo ni uchachu, kwa sababu bakteria wa mala hula sehemu ya sukari hiyo kabla yako. Shosho hakuwahi kusikia neno laktosi, lakini mgeni mwenye tumbo bovu humpa mala.

Kuna hoja moja yao ambayo ina kitu ndani, na sitaki kuipita kama vile sikuiona. Utafiti uliofanywa Ulaya umeonyesha kwamba watoto wanaokulia mashambani na kunywa maziwa ya pale pale hupata pumu na mzio kwa uchache kuliko wenzao. Inawezekana kuna kitu ndani ya maziwa hayo. Inawezekana ni mavumbi ya zizi, ni mnyama, ni udongo. Lakini soma hadi mwisho: watafiti wale wale hawakumshauri mzazi yeyote ampe mtoto wake maziwa mabichi. Wanajua hatari iliyo kwenye mizani ya upande wa pili.

Na hapa kuna jambo linalonikasirisha kuliko yote. Nairobi kuna wazazi wanaonunua maziwa mabichi ya mbuzi kwa ajili ya mtoto wa miezi mitatu, wameambiwa ni mepesi na hayana mzio. Mtoto mwenye mzio wa maziwa ya ng'ombe mara nyingi atapata mzio na ya mbuzi pia, kwa sababu protini zao zinafanana mno. Halafu maziwa ya mbuzi yana foleti kidogo sana, hivyo kwamba mtoto mchanga anayeyategemea peke yake anaweza kuishiwa damu. Mimi ni mtu wa mbuzi, nimeshasema. Lakini mbuzi hamnyonyeshi mtoto wa binadamu, na anayekuuzia wazo hilo anakuuzia hatari kwa bei ya anasa.

Halafu huja yule rafiki aliyewahi kufika Ufaransa. "Mbona Wafaransa wanakula jibini ya maziwa mabichi na hawafi?" Nalipenda swali hili, kwa sababu jibu lake linatupeleka mahali ambapo ubishi wetu ungetakiwa kuanzia.

Wafaransa wanakula jibini mbichi kwa sababu nyuma ya ile jibini kuna serikali. Kuna kundi la mifugo linalopimwa. Kuna daktari wa mifugo anayelipwa. Kuna maabara, kuna kitabu, kuna namba kwenye sikio la kila mnyama. Walipigana na brusela kwa miongo mingi mpaka wakaiondoa kwa ng'ombe wao. Na hata hivyo, mwaka 2012, kwenye milima ya Haute-Savoie, ugonjwa ulijitokeza tena katika shamba moja lililotengeneza jibini ya maziwa mabichi, baada ya mtoto kuugua. Unajua walifanya nini? Kundi zima la ng'ombe lilichinjwa. Wakatafuta chanzo mpaka kwa mbuzi wa mwituni wa mlima wa Bargy, nao wakaanza kupigwa risasi. Hiyo ndiyo gharama ya jibini mbichi. Si chupa ya kioo na kamba ya katani.

Sasa linganisha. Kwetu huduma ya mifugo ya serikali ilikuwepo: majosho, madaktari, upandishaji wa ng'ombe kwa bei ambayo mkulima aliweza. Miaka ya 80 ikiisha na ya 90 ikianza, wafadhili walitaka serikali ijitoe, na ikajitoa. Josho la kijijini kwetu sasa ni shimo lenye magugu ambalo watoto hukatazwa kulikaribia. Katiba ya 2010 iliipeleka kazi hiyo kwenye kaunti, na kwenye kaunti nyingi daktari wa mifugo ni mtu unayempigia simu, akakuuliza kama una pesa ya mafuta ya pikipiki. Chanjo ya brusela ya mbuzi ipo duniani tangu zamani. Waulize wafugaji watano unaowajua ni wangapi wamechanja. Mimi niliuliza kijijini. Wawili walidhani nazungumzia chanjo ya mbwa.

Kwa hivyo wewe unayetaka maziwa mabichi, mimi nakuambia hivi: dai lako ni halali, lakini umeligonga kwenye mlango usiofaa. Usiniletee habari za uhuru wa mwili. Nenda kwenye bunge la kaunti ukati wa bajeti, uulize ni madaktari wangapi wa mifugo wameajiriwa na ni mbuzi wangapi wamepimwa. Siku utakapopata jibu la maana, njoo na kikombe, nitakunywa na wewe. Kabla ya hapo, chemsha.

Nimemaliza na chupa. Tuje kwa pakiti, maana najua kuna watu wa viwanda waliokuwa wakinipigia makofi mpaka hapa. Wayapunguze.

Hofu ya maziwa ya mwananchi ina historia, na historia yenyewe si ya usafi peke yake. Kampuni ya KCC iliundwa mwaka 1925 na walowezi, kwa ajili ya maziwa ya walowezi. Mwaka 1958, siku za mwisho mwisho za mkoloni, ikapatikana sheria ya maziwa na Bodi ya Maziwa. Baada ya uhuru wenye KCC walibadilika lakini mfumo ulibaki: soko la mijini likawa la kampuni moja, na mkulima mdogo akawa mtu wa kupeleka na kungoja malipo. Wengine walingoja sana. Ilipofika 1992 soko likafunguliwa, na mara moja ikaonekana jambo ambalo kila mtu mtaani alilijua: watu walitaka maziwa ya jirani, yanayopimwa kwa kikombe, yanayonunuliwa hata ya shilingi kumi. Tangu wakati huo mchuuzi amekuwa akikimbizwa kwa jina la afya, na mpaka leo sehemu kubwa ya maziwa yanayouzwa Kenya haipiti kiwandani. Huwezi kuwafanya wahalifu watu wanaolisha nusu ya mtaa.

Na kuna kitu huwa hakisemwi: mteja wa mama huyo hayanywi mabichi. Anayapeleka nyumbani, anayatia kwenye sufuria pamoja na majani ya chai, yanafura, anayanywa. Moto uleule ambao kiwanda kinajisifia uko kwenye kila jiko la Kenya, uwe wa kuni, wa makaa au wa gesi. Kiwandani wanapasha maziwa kwa nyuzi 72 kwa sekunde 15. Shosho anayachemsha mpaka yanataka kumwagika. Tukizungumzia vijidudu tu, shosho amewapita.

Wala kiwanda si malaika. Sumukuvu inayotoka kwenye chakula cha ng'ombe kilichooza huingia kwenye maziwa, na joto la kiwandani haliiondoi. Dawa za antibiotiki alizochomwa ng'ombe jana, pia haziondolewi na joto. Haya yanatatuliwa shambani, kwa mkulima anayejua na anayeangaliwa. Tunarudi palepale, kwa daktari wa mifugo ambaye hayupo.

Sisemi mchuuzi ana mbawa pia. Wapo wanaoongeza maji. Wapo wanaotia dawa ili maziwa yasigande kabla ya saa sita. Wapo wanaobeba kwa mtungi wa plastiki uliokuwa na mafuta ya kupikia, ambao shingo yake mkono haupiti kuusafisha. Lakini nchi hii ilishajaribu njia nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 wachuuzi walianza kufundishwa usafi, wakaonyeshwa kupima maziwa na kubeba kwa chombo cha chuma, na Bodi ya Maziwa ikaanza kuwatambua kwa leseni. Njia hiyo ilifanya kazi mahali ilipofanywa kwa moyo. Kumfundisha mtu ni kazi ya mwaka mzima. Kumwaga maziwa yake barabarani ni dakika moja, tena kuna kamera. Ndiyo maana tunaona zaidi ya hiyo dakika.

Basi kati ya chupa na pakiti, mimi nasimama wapi? Nasimama jikoni, na sufuria ya lita tano.

Jibini, hilo ndilo jambo ninalotaka watu wazungumzie. Neno lenyewe lilitufikia kutoka Kiarabu zamani, limo kwenye kamusi, lakini huku bara tumeliacha likae huko. Mtaani ukisema chizi watu wanatafuta mwendawazimu yuko wapi. Tumefanywa tuamini kwamba jibini ni ya wazungu wa Limuru na ya rafu ya mwisho ya supamaketi, pale taa zinawaka kama za hospitali. Ilhali ni maziwa, kitu kidogo cha kuyagandisha, chumvi na subira. Na maziwa ya mbuzi yanafaa kabisa kwa kazi hii. Ni meupe kuliko ya ng'ombe kwa sababu mbuzi hugeuza ile rangi ya manjano ya majani kuwa vitamini A, na harufu yake kidogo ya uchachu, ambayo watu huikunjia pua ikiwa kikombeni, ikiingia kwenye jibini inakuwa ndiyo utamu wenyewe.

Namna ya kwanza haitaki kifaa chochote. Pasha maziwa mpaka yanakaribia kufura, yaepue, mimina maji ya ndimu, kama vijiko viwili au vitatu vya mezani kwa kila lita, koroga polepole mara chache, uache. Yatakatika mbele yako: mabonge meupe huku, maji ya kijani hafifu kule. Chuja kwa kitambaa cha pamba kilichochemshwa, tia chumvi, kamua, weka jiwe safi juu. Baada ya saa mbili unakata vipande, unakaanga na nyanya na dania. Haiyeyuki. Ukila na chapati hutauliza nyama iko wapi.

Namna ya pili inataka kipimajoto. Pasha maziwa mpaka nyuzi 63, uyashikilie hapo kwa nusu saa nzima, saa mkononi. Yapoze haraka ndani ya karai la maji baridi mpaka nyuzi 25 hivi. Tia vijiko viwili vya mala safi isiyo na sukari, iliyotokana na maziwa yaliyopashwa moto, na matone machache ya reneti, ile dawa ya kugandisha ambayo asili yake ni tumbo la ndama. Funika, lala. Asubuhi utakuta yameganda kama uji uliopoa. Mimina kwenye kitambaa, tundika juu ya beseni mpaka jioni. Lita tano hunipa karibu kilo moja ya jibini laini, wakati mwingine pungufu. Chumvi, pilipili manga kama unayo, jokofu, na iliwe ndani ya wiki. Maji yanayobaki shosho hukandia unga wa chapati, na yakizidi ni ya nguruwe wa jirani.

Hiyo nusu saa ndiyo nzima ya hoja yangu. Jibini laini ya mbuzi, isiyopashwa moto, ni mojawapo ya njia kuu ambazo brusela imemfikia binadamu tangu Malta. Uchachu wa siku moja haukiui kijidudu hicho, na chumvi ya kijiko haikiui. Kinaweza kukaa ndani ya jibini laini kwa wiki kadhaa, kikikungoja wewe uliyesoma kwamba mila ni kutochemsha. Nusu saa ya moto mdogo inakimaliza. Jibini haipotezi kitu ambacho ulimi wako utakitambua, maana bakteria wazuri unawarudisha mwenyewe kwa kijiko cha mala. Nani aliyekwambia kwamba ukweli wa chakula uko kwenye kukataa nusu saa?

Sasa nije kwa pesa, maana mapenzi ya jibini bila pesa ni mchezo wa watu wenye mshahara. Mbuzi mmoja mzuri wa maziwa hutoa lita mbili au tatu kwa siku, na anakula kwenye kipande cha ardhi ambacho ng'ombe wa gredi angekimaliza kwa wiki. Huko kwetu mashamba yamegawanywa mpaka mtu anarithi mistari ya mahindi. Mbuzi anaenea. Kina mama wa Nyeri na Meru wamefuga mbuzi hawa kwa vikundi tangu miaka ya 90, wanajua uzazi wake na madaftari yake kuliko afisa yeyote. Tatizo lao ni soko: maziwa ya mbuzi hununuliwa kama dawa, na mtu akishapona hanunui tena. Jibini ingekuwa jibu. Inakaa siku nyingi kuliko maziwa, inasafiri, na kilo moja inabeba thamani ya lita tano bila uzito wake.

Lakini mama mmoja mwenye mbuzi watatu akitaka kuuza jibini kihalali, anakutana na karatasi zilizoandikwa kana kwamba anajenga kiwanda. Chumba cha namna hii, vigae vya namna ile, leseni ya huyu, cheti cha yule. Mwenye mtaji anapita. Mama anabaki akiuza kwa siri kwa mwalimu na mke wa pasta, au haanzi kabisa. Ninachotaka ni kanuni za mtengenezaji mdogo: sufuria ya chuma, kipimajoto, daftari la joto na tarehe, mbuzi waliopimwa na kuchanjwa, na afisa anayekuja kufundisha kabla ya kuja kukamata. Ni mambo matano. Yanaweza kuandikwa upande mmoja wa karatasi.

Mtaniambia mimi ni mtu wa mwaka wa pili, sina hata cheti cha kuning'iniza ukutani. Sawa kabisa. Lakini nyuzi 63 hazikuulizi cheti, na kijidudu hakikusoma popote. Nina mikono iliyokamua, nina mjomba anayeuza mitumba akiwa ameketi, na nina daftari la shosho lenye tarehe za kila jibini tuliyoitundika. Mwenye chupa ya kioo aniletee matokeo ya damu ya mbuzi wake. Mwenye pakiti aniambie kwa nini mama mwenye kipimajoto hawezi kuwa mshindani wake. Na mheshimiwa wa wadi, kabla ya kuomba kura tena Mukurwe-ini, atuambie josho litafukuliwa lini na daktari wa mifugo ataanza kazi mwezi gani. Mbuzi watakamuliwa kesho saa kumi na mbili asubuhi, na sisi tutakuwa tumeshawasha moto.